Aachaye Sigara Hufungua Mlango wa Afya

Wahenga walisema, "Mwanzo wa ngoma ni lele." Ndivyo ilivyo kwa mtu aazimiaye kuacha sigara: jambo moja jema huzaa mengine.

Madaktari wameupima mwendo wa mabadiliko hayo. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kutulia. Baada ya saa 12, sumu ya moshi iitwayo kaboni monoksidi hupungua katika damu hata kufikia kiasi cha kawaida. Miezi michache ikipita, kikohozi hupungua na pumzi huongezeka. Mwaka 1 ukitimia, hatari ya ugonjwa wa moyo huwa nusu ya ile ya mvutaji.

Hapo ndipo faida nyingine hufuata. Karani aliyezoea kutweta ngazini huona kwamba aweza kwenda kazini kwa miguu. Mkulima hulima bila kusimama kila mara. Ulimi hupata tena ladha ya mboga na matunda. Fedha za sigara hununua maziwa ya watoto. Na kwa kuwa sigara na pombe ni marafiki wa siku nyingi, aiepukaye moja hujifunza kujihadhari na ya pili.

Siku za kwanza ni ngumu: mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, huona njaa. Asikate tamaa. Na anywe maji, atembee, awaombe jamaa zake wamsaidie. Ashindaye tamaa moja hujua kwamba aweza kushinda nyingine.