Kupunguza kilo: hesabu ni ya juma nzima

Tunaona wakubwa kati yetu wenye kutaka kupunguza kilo wakifanya hivi: siku ya Mungu, baada ya ibada, wanakula wali, nyama na mandazi bila kipimo. Siku ya kwanza hawagusi hata chai. Saa tano wanasinzia kwenye somo la hesabu. Huko si kufunga kwa maombi, ni njaa tu.

Tuseme mtu anatumia kalori 2.000 kwa siku, ndiyo 14.000 kwa juma. Akila 3.000 siku ya Mungu, amezidisha 1.000. Kweli anaweza kuzikata zote kesho yake, lakini jioni njaa itamrudisha kwenye mandazi. Afazali azigawe kwa siku sita: kama 170 kila siku. Hiyo ni kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta ya mawese! Basi apunguze mafuta kwenye sombe, lakini asiache maharagi wala sambaza, maana hivyo vinashibisha. Hapo amesawazisha tu. Ili apungue, juma lazima lishuke chini ya 14.000.

Na mizani ikipanda siku ya kwanza, asiogope. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7.700, kwa hiyo 1.000 haziwezi kuizaa. Ni maji, chumvi, na chakula ambacho kingali tumboni.

Ninyi wadogo mnaokua bado, hesabu hii haiwahusu. Mkipata chakula, kuleni.