Malaria Rusinga: Ukigusa mchoro, uliza idadi

Ukiambiwa kuwa mtego wa mbu umepunguza malaria kwa karibu asilimia 30, usikubali wala kukataa kabla ya kuuliza: ni watu wangapi waliopimwa?

Tuchukue mfano wa kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Kati ya mwaka 2012 na 2015, mradi wa SolarMal, ulioshirikisha taasisi ya icipe, uliweka mitego ya nguvu za jua kwenye nyumba za wakazi. Mitego hiyo hutoa harufu inayofanana na ya binadamu. Mbu huifuata na kunaswa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016. Palipokuwa na mitego, watu 1,552 kati ya 6,550 walipatikana na malaria. Pasipokuwa nayo, walikuwa 2,002 kati ya 5,795. Yaani asilimia 23.7 dhidi ya 34.5.

Tarakimu kama hizi zikipangwa kwenye jedwali, wengi huziruka. Siku hizi kuna R, lugha ya kompyuta ya takwimu ambayo hailipiwi. Ukishaipa jedwali lako, programu yake iitwayo plotly huchora nguzo ambazo, ukizigusa kwenye intaneti, hukuonyesha idadi ya waliopimwa. Nyingine, leaflet, huchora ramani. Shiny, iliyotolewa mwaka 2012, huongeza vitufe ili msomaji achague mwenyewe umri au mwaka anaotaka kuuona.

Hata hivyo, kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, nguzo zianzie sufuri. Zikianzia 20, ya pili itaonekana karibu mara nne ya ile ya kwanza, ilhali kwa kweli haifiki mara moja na nusu.

Pili, ramani isionyeshe nyumba ya mgonjwa. Mahali ambapo watu wanajuana, nukta moja juu ya paa ni siri ya mgonjwa iliyotangazwa. Jumlisha kwa kijiji.

Tatu, mchoro si dawa. Hata penye mitego, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na malaria, na mitego yenyewe iliongezwa juu ya vyandarua, haikuchukua nafasi yake. Basi lala ndani ya neti. Mtoto akishikwa na homa, apimwe kabla ya saa 24 kupita, hata kama kijiji chenu kimepakwa rangi ya kijani kwenye ramani.