"Naenda Kenya": mzaha wa Garissa ambao haukupata gazeti

Kaa kwenye stendi ya mabasi Garissa asubuhi moja, umuulize mzee mwenye begi anasafiri wapi. Kuna wale watakujibu bila hata kutabasamu: "Naenda Kenya." Anamaanisha Nairobi, kilomita kama 370 tu.

Watu hucheka. Lakini hiyo ni katuni, bana, ila tu haijachorwa.

Nairobi ilikuwa na magazeti ya kuchekea. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Baadaye Wahome Mutahi akaja na safu yake ya Whispers. Ujanja wake ulikuwa kuleta siasa sebuleni: mke wa mhusika wake anaitwa Thatcher, na baba mwenye nyumba anamuogopa vile nchi ilivyomuogopa mkubwa wake. Mwaka 1986 Mutahi alikamatwa, akapitia vyumba vya Nyayo House, kisha akafungwa jela. Eti mchekeshaji naye ni hatari kwa taifa!

Sasa kama mwandishi wa Nairobi alitendwa hivyo, wa Garissa angeandikia wapi? Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa, wakazi wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Februari 1984 ikawa Wagalla, kule Wajir. Serikali ilitaja vifo 57. Manusura huhesabu mamia na mamia.

Kwa hivyo mzaha ukabaki mdomoni. Si ajabu, maana kwa Wasomali neno la kumchoma mtawala halikungoja mashine ya kuchapa. Sayyid Mohammed Abdulle Hassan aliwatukana Waingereza kwa mashairi yaliyosafiri mdomo kwa mdomo. Mimi sikumaliza chuo, lakini hilo kwangu ni gazeti.

Mwaka 1989 serikali iliwapanga Wasomali wa Kenya foleni, wakapigwa msasa na kupewa kadi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Ukivuka mpaka uende Somalia, unaitwa "Sijui", kwa sababu ya Kiswahili chako. Huku wanadai kadi, kule wanakucheka. "Naenda Kenya" ni jibu la mtu aliyechoka kuulizwa yeye ni wa wapi.

Gado alipoingia Nation mwaka 1992, enzi mpya ya vyama vingi, katuni za magazetini zilianza kumchora rais waziwazi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini msasa wa vitambulisho uliendelea huku kwetu, hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba umefutwa.

Mimi bado natafuta mtu wa kuchora ile meza ya msasa: wazee wamekaa, afisa ameshika kalamu, kijana wa miaka 18 anaulizwa jina la babu ya babu yake. Ukiichora, nitumie.