Ufundi, Kijana na Misimamo Mikali katika Bonde la Kilombero

Litajwapo neno ugaidi, mawazo ya wanafunzi wetu hukimbilia Somalia au Cabo Delgado. Bonde la Kilombero halifikiriwi. Hilo ni nchi ya mpunga, miwa na reli ya TAZARA. Walakini mwezi Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya, polisi wa Mkoa wa Morogoro walitangaza kuwa wamewakamata watu kumi msikitini huko Kidatu, wakiwa na vilipuzi na sare za kijeshi. Mwaka 2017, mbali zaidi upande wa bahari, ambako maji ya Kilombero hufika yakiwa na jina la Rufiji, askari na viongozi wa vijiji waliuawa Kibiti na sehemu za jirani. Mchungaji atumwaye Ifakara au Mlimba hana budi kulihesabu jambo hili kuwa la usharika wake.

Dawa inayotajwa kwanza ni mafunzo ya ufundi, kwa hoja kwamba kijana asiye na kazi hununuliwa kwa urahisi. Hoja hii ina ukweli, ila si wote. Mwaka 2023 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi uliowahoji watu karibu 2,200 katika nchi nane za Afrika. Robo ya waliojiunga na makundi hayo walitaja ajira kuwa sababu yao kuu. Dini ilitajwa na asilimia 17. Lakini karibu nusu ya waliojiunga kwa hiari walikumbuka tukio fulani lililowasukuma, na kati ya hao asilimia 71 walisema lilikuwa uvunjaji wa haki, mara nyingi mikononi mwa vyombo vya dola. Cherehani haiponyi jeraha la namna hiyo.

Tena Kidatu si mahali palipokosa kazi. Pana kiwanda cha sukari, mitambo ya umeme na reli. Tuonavyo sisi, upungufu wa kibarua wa miwa ni mwingine: huja kwa msimu, hupanga chumba, huondoka, wala hapana mzee amjuaye kwa jina. Atakayemwita ndugu kwanza atasikilizwa, awe mwema au mwovu.

Hapo ndipo tunapouona uzito wa ufundi. Mwanagenzi wa useremala hukaa miezi mingi chini ya mkono wa fundi. Hukaripiwa, husifiwa, hula naye, na mwishowe wateja humwulizia asipoonekana. Paulo alipofika Korintho mgeni, kazi ya kushona mahema ndiyo iliyomfungulia nyumba ya Akila na Priskila. Serikali ina vyuo vya VETA, vilivyotokana na sheria ya mwaka 1994, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza 1975, kimojawapo kikiwa Ifakara. Usharika hauna haja ya kujenga chuo kingine. Waweza kuwatafutia vijana ada, vifaa, na fundi wa kuwapokea.

Ila darasa lisiitwe la kuzuia ugaidi. Jina hilo humfanya kila aingiaye kuwa mtuhumiwa, hasa kijana Mwislamu. Na hatuwezi kusahau kwamba Joseph Kony wa Uganda alidai kupigania Amri Kumi. Benchi liwe moja kwa Mkristo na Mwislamu, na imamu ashirikishwe tangu kuwachagua wanafunzi. Kijana akikamatwa bila kufikishwa mahakamani, mchungaji afuatane na wazazi kituoni kuuliza, hata kama wazazi hao si washarika wake.

Lipo na jambo dogo la ratiba, ambalo limeharibu mipango mingi mizuri. Ukataji wa miwa husimama wakati wa masika, na vibarua wengi hubaki bila ujira. Mafunzo yanayofunguliwa katikati ya msimu wa miwa huwakosa wale wale waliokusudiwa. Ni afadhali yaanze mvua zinapoanza, na chakula cha mchana kiwekwe katika bajeti kabla ya vyeti.