Kabla Upite Hizo Magazini za Kuvua za Zamani, Cheki Kama Mto Tana Umo Ndani

Ukipita kwa inama za Tom Mboya Street, zile vitabu zimetandazwa chini mpaka lazima uiname kuzicheki, kuna siku utapata magazini ya kitambo yenye mzungu kwa kava, ameshika samaki ni kama ameshinda kombe. Wasee wengi huruka. Lakini kuna watu duniani wanakusanya hizo vitu, na zingine zinauzwa doo ya maana. Kama wewe ni wa Garsen, Ngao, Hola ama Kipini, hii hobi inakuhusu kuliko unavyodhani.

Anza na historia kidogo. Uingereza walikuwa na The Field tangu 1853 na Fishing Gazette tangu 1877. Marekani wakaja na Field & Stream 1895. Huko ndiko kuvua kuligeuzwa mchezo wa matajiri: fimbo, mshipi, chambo cha manyoya, klabu na leseni. Masetla walipofika Kenya walikuja na hiyo homa. Mwaka wa 1905, Ewart Grogan alileta mayai ya samaki anaitwa trauti kutoka Scotland, wakatiwa Mto Gura kule Aberdare.

Sasa shika ramani. Maji ya Gura yanaingia Sagana, na Sagana ndiyo Tana yenyewe. Yanapita Masinga, Garissa, Hola, yanafika Garsen, yanamwagika baharini Kipini. Ni mto mmoja, buda. Lakini ukisoma hizo magazini za kuvua, ni kama mto uliishia mlimani penye baridi. Huku chini kwa kambare, kamongo na mikunga, mahali Wapokomo wamevua na mitumbwi na mitego ya kusuka tangu zamani, hakuna aliyeona kava. Trauti alikuwa mchezo, kambare alikuwa chakula cha jioni. Kusema ukweli hiyo hunikera, juu kamongo anayejizika kwa matope wakati wa kiangazi akingoja mvua ni stori tamu kuliko trauti yeyote.

Kwa hivyo usisake picha peke yake. Saka zile zenye Tana ya chini iko ndani, na nyingi zina kava ya kuboesha. Journal ya East Africa Natural History Society ilianza 1910, na haina rangi wala mbwembwe. Lakini toleo la 1959 lina makala ya P. J. P. Whitehead kuhusu samaki waliokusanywa Mto Tana chini ya Garissa. Pia kuna Africana, magazini ya wanyamapori ya Nairobi iliyoanza miaka ya 60, na vitabu vya Hugh Copley aliyekuwa mkuu wa samaki enzi za mkoloni, kama The Game Fishes of Africa cha 1952.

Mbona 1959 ni mwaka wa maana? Maziwa ya delta kama Shakababo hutegemea mto ufurike ndio yapate maji na samaki wapya. Bwawa la Kindaruma lilikuja 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, halafu Masinga 1981 likashika maji mengi zaidi, na mafuriko ya kawaida yakabadilika. Karatasi iliyoandikwa kabla ya hapo ni ushahidi wa samaki gani walikuwa huku. Siku watu wakikaa kikao kubishana kuhusu maji ya Tana, hiyo karatasi inaongea.

Kwa bei, usidanganywe na umri. Magazini kubwa za ng'ambo zilichapishwa kwa wingi sana, kwa hivyo nakala moja ya 1950 iliyoraruka inaweza kukosa hata bei ya chai na mahamri. Kinachopandisha bei ni kava kuwa sawa, kurasa zote kuwepo, na mwaka mzima bila pengo. Cheki matangazo pia. Maktaba nyingi zilipojalidi magazini zilitoa kava na matangazo, ndio maana nakala ya kawaida yenye tangazo la fimbo na chambo inaweza kushinda ile iliyojalidiwa kifahari. Pini zikishika kutu, usizing'oe na kisu. Na selotepu usiguse kabisa, gundi yake inageuka kahawia na haitoki.

Kuzitunza Garsen ndiyo noma. Kuna joto, unyevu, mchwa, halafu mto ukiamua kuja kejani hauulizi. Watu wa Tana Delta walihamishwa na maji 2018 na tena mwisho wa 2023, na ukihama usiku unabeba watoto, si makaratasi. Weka magazini juu, mbali na ukuta, ndani ya boksi, na usizifungie kwa nailoni zikiwa na unyevu. Zikilowa, zikaushe kivulini kwenye upepo, usizianike juani. Zikiwa nyingi kuliko unazoweza kukausha siku hiyo, zifunge vizuri, umwombe muuza samaki nafasi kwa friza yake. Baridi huzuia ukungu mpaka upate muda wa kuzikausha moja moja. Utanuka samaki kidogo, lakini utaokoa kitu.

Na ukiwa nazo, usizifiche. Mpelekee mzee aliyevua Shakababo akiwa kijana, umwonyeshe michoro, umuulize kila samaki huitwaje Kipokomo. Andika jina na penseli kwa karatasi nyingine, si kwa magazini.

Kama mfuko umekauka, kusoma si lazima ununue. Matoleo mengi ya kitambo ya hiyo Journal yameskaniwa, yako mtandaoni bure. Ukiwa Nairobi, pitia maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ama Kenya National Archives pale Moi Avenue, mahali mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa 1966, umewekwa. Beba penseli, si kalamu ya wino.