Huyu Ni Nani? Tunalojifunza Kutoka Picha za Jangwani

Kwa muda wa miaka miwili tulikuwa tukienda kila Jumatano kumfunga kidonda cha mguu bibi mmoja wa ushirika wetu. Siku moja alitoa bahasha iliyochakaa chini ya mto, akataka tutazame picha. Tulikuwa na haraka, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wakitungoja. Tukamwambia, "Bibi, Jumatano ijayo." Jumatano iliyofuata nayo ikaja na haraka yake.

Baada ya mazishi, binti wa marehemu dada yake, ambaye bibi huyo alimlea tangu uchanga, alitujia na bahasha ile. Ndani mlikuwa na picha moja ya wasichana wawili wanaofanana sana. Mmoja amebeba mtoto mchanga, na mtoto huyo ndiye yeye. Mmoja wa wale wawili ni mama yake mzazi, aliyefariki kabla yeye hajaanza kutembea. "Ni yupi?" alituuliza. Hatukuwa na jibu. Nyuma ya picha hapakuwa na hata herufi moja.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma na kuuliza jinsi wengine wanavyotunza picha za zamani. Habari iliyotufundisha zaidi inatoka mahali ambapo hatukutarajia, yaani jangwani.

Kamera katika mfuko wa ngozi

Kusini mwa Bara Arabu liko jangwa liitwalo Rub' al-Khali, maana yake Robo Tupu. Limeenea katika nchi nne: Saudi Arabia, Oman, Yemen na Falme za Kiarabu. Mwingereza Wilfred Thesiger, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910, alisafiri huko kati ya 1945 na 1950 pamoja na Mabedui, kwa ngamia na kwa miguu. Alilivuka jangwa hilo mara mbili, wakivumilia njaa na kiu. Kamera yake ndogo aina ya Leica aliiweka katika mfuko wa ngozi ya mbuzi ili mchanga usiingie, kwa maana chembe moja tu yaweza kukwaruza filamu.

Alipiga picha za wenzake na ngamia wao, za visima na za vilima vya mchanga. Kwa watu wale yalikuwa maisha ya kila siku. Lakini Abu Dhabi ilianza kuuza mafuta nchi za nje mwaka 1962, na Oman mwaka 1967. Katika umri wa mtu mmoja, magari yakachukua nafasi ya ngamia, na majumba ya saruji yakasimama palipokuwa na vibanda vya makuti. Mtoto aliyezaliwa baadaye angewezaje kujua babu yake aliishi vipi?

Kwa nini hazikupotea

Thesiger hakutupa negativu zake, na picha alizozipenda alizipanga katika albamu. Baada ya kufariki kwake mwaka 2003, mkusanyiko wote ulipokelewa na Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, Uingereza: negativu zipatazo 38,000 na albamu 71. Humo zimo pia picha nyingi za Wasamburu na Waturkana, kwani mzee huyo aliishi Maralal, kaskazini mwa Kenya, kwa miaka mingi hadi katikati ya miaka ya 1990.

Lililotugusa zaidi ni majina. Vijana wawili waliosafiri naye hawakubaki kuwa "Mabedui" tu. Tunajua kwamba huyu ni Salim bin Kabina na yule ni Salim bin Ghabaisha. Leo picha zake zimewekwa pia katika ngome ya Jahili, mjini Al Ain, ndani ya nchi ile ile alimopita. Hapo mtu anaweza kusimama na mwanawe, akamwonyesha wazee wao.

Sisi na sanduku letu

Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba chupa ya damu isiyo na jina haipimwi, hata kama damu yenyewe ni nzuri. Picha nayo ni hivyo hivyo. Basi, akina mama, tufanye haya:

1. Ilaze picha kifudifudi juu ya meza safi, uandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza: jina, mahali na mwaka. Kama karatasi yake ni ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha ya karatasi, kisha uitie humo.

2. Usitumie selotepu, gundi wala pini. Usizifunge kwa mpira.

3. Jangwani adui ni mchanga na joto. Katika nyumba zetu nyingi adui ni unyevu. Weka sanduku kabatini, si sakafuni wala juu karibu na bati.

4. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kwa nguvu, na usiiloweke. Ipige picha nyingine vivyo hivyo ilivyo.

5. Negativu usizitupe. Zikianza kunuka siki zimeanza kuharibika. Zitenge na nyingine, uzitolee nakala upesi.

6. Piga nakala kwa simu, uwatumie ndugu wawili au watatu. Simu huibiwa, tena huanguka majini.

Lakini lililo kubwa kuliko yote halihitaji fedha. Kaa na mzee, umwekee picha mkononi, umwulize, "Huyu ni nani?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Siku hizi tunapokwenda kuwatazama wagonjwa tunachukua penseli pamoja na bandeji. Binti yule ameitundika picha yake ukutani. Huitazama kila asubuhi, na bado hajui amwite yupi mama.

Mama mwenzetu, kama mzee wako yu hai, usingoje Jumatano ijayo.