Shambulizi Bora Humwachia Mlinzi Akosee

Msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani unapoanza, makocha husimama pembeni mwa uwanja na makaratasi mapana yaliyojaa rangi na vifupisho, na watazamaji wengi huamini kwamba ushindi umeandikwa humo. Mchezo huu haufanani na soka, kwa sababu husimama kila baada ya sekunde chache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa huwaachia wapinzani mpira. Kabla ya kila jaribio kocha huagiza shambulizi: nani abebe mpira, apite wapi, nani amzuie nani. Ndiyo maana timu ikipoteza, mtu wa kwanza kulaumiwa ni mtoa maagizo. Naona lawama hizo, pamoja na sifa anazomwagiwa timu ikishinda, hupewa uzito zaidi kuliko zinavyostahili. Kwa timu ya chuo yenye wachezaji wa kawaida, silaha kubwa ni mashambulizi machache yanayofanana kwa sura, ambayo uamuzi wake wa mwisho hufanywa mpira ukiwa tayari umeanza kuchezwa, kwa kumsoma mlinzi mmoja.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha karibu kila shambulizi, akishampa mwenzake mpira na kubaki amesimama, wanabaki wazuiaji 9 dhidi ya walinzi 11. Kocha anaweza kuchora michoro usiku kucha na pengo hilo lisizibike kwa wino. Sababu ya pili ni muda. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huruhusu mazoezi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, kwa kuwa wachezaji ni wanafunzi wenye vipindi na mitihani. Atakayefundisha mashambulizi 100 ndani ya saa hizo ataishia kuwa na vijana wanaoyakumbuka yote nusunusu. Atakayefundisha machache atayarudia hadi miguu ya vijana ijue pa kwenda yenyewe.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal na msaidizi wake Emory Bellard, kilionyesha jinsi pengo la hesabu linavyozibwa. Nyuma ya kwotabeki walipangwa wakimbiaji watatu, mmoja karibu naye na wawili nyuma zaidi, kushoto na kulia. Mpira unapoanza, mkimbiaji wa karibu anachomoka moja kwa moja kuelekea katikati, na kwotabeki anaugandamiza mpira tumboni mwake huku macho yakiwa kwa mlinzi wa pembeni, ambaye ameachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimkimbilia mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kuzunguka nao nje. Huko anakutana na mlinzi wa pili aliyeachwa vilevile. Huyo akimvaa, mpira unarushwa kwa mkimbiaji anayekimbia sambamba naye. Akisita, kwotabeki anapita mwenyewe. Walinzi wawili wameondolewa mchezoni bila kuguswa, na wazuiaji ambao wangewashughulikia wamekwenda kuwabana wengine. Texas ilianza kwa sare na kipigo, kisha ikashinda michezo 30 mfululizo.

Mtu atasema Texas ilikuwa na vijana hodari, ingeshinda kwa mfumo wowote. Basi tutazame West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu. Wahitimu wake wanadaiwa utumishi jeshini, hivyo vijana wenye miili na ndoto za ligi ya kulipwa huenda kwingine. Septemba 2018 timu hiyo ilikwenda ugenini kwa Oklahoma, iliyokuwa na Kyler Murray, mshindi wa Heisman mwaka huo, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kwa kutumia uzao wa mfumo uleule, wanajeshi hao walimiliki mpira kwa zaidi ya dakika 44 kati ya 60. Murray alikaa benchi akitazama, na Oklahoma ikaponea chupuchupu kwa 28-21 katika muda wa nyongeza.

Kanuni hii haihusu mbio peke yake. Mike Leach, mwanasheria kwa elimu ambaye hakuwahi kucheza futiboli chuoni, alifundisha Texas Tech kuanzia mwaka 2000 hadi 2009 akitegemea zaidi pasi kuliko mbio. Mashambulizi yake yalikuwa machache kiasi cha kutosha kwenye kikaratasi kidogo, na kwotabeki wake alikuwa na ruhusa ya kubadili agizo akiona walinzi wamejipanga vibaya. Mwaka 2008 waliifunga Texas, iliyokuwa namba moja nchini, 39-33.

Zipo hoja mbili nzito za kupinga. Ya kwanza ni kwamba mfumo wenye mambo machache hujulikana. Ni kweli: Notre Dame ilipopata wiki kadhaa za kujiandaa, iliukata mnyororo wa ushindi wa Texas kwa 24-11 siku ya mwaka mpya wa 1971. Lakini katikati ya msimu mpinzani hupata siku chache tu, naye amefungwa na saa zilezile 20. Zaidi ya hayo, kujua kitakachokuja hakumwondolei mlinzi ulazima wa kuchagua. Hoja ya pili ni ujanja wa Boise State dhidi ya Oklahoma, Januari 2007. Wakihitaji pointi mbili ili washinde, kwotabeki alijifanya anarusha pasi kulia, kumbe mkono wa kushoto unampa mkimbiaji mpira mgongoni, wakashinda 43-42. Je, huo si utukufu wa agizo? Ni agizo zuri, ila lilifaulu kwa sababu mwanzo wake ulikuwa pasi ya kawaida kabisa, na walinzi waliamini walichozoea kukiona. Nakiri kwamba mfumo hauondoi tofauti ya vipaji: wiki tatu baada ya kuifunga Texas, timu ya Leach ilipigwa na Oklahoma 65-21. Pia timu inayotegemea mbio ikitanguliwa kwa pointi nyingi hukosa muda wa kurudi. Vyuo vyenye vipaji tele vina haki ya kucheza vipendavyo. Vyuo vingine, ambavyo ndivyo vingi, vipunguze karatasi na viongeze marudio. Nawe msomaji, ukibahatika kutazama mchezo huu, mwache kocha na karatasi yake. Mtafute mlinzi ambaye hakuna anayemzuia, kwa maana kwake ndiko shambulizi linakoamuliwa.